Umuteko na Umushingantahe: Maneno ya Usuluhishi katika Buha

Historia ya Buha, yaani nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, imezoeleka kusimuliwa kwa majina ya wenye enzi: mwami na, chini yake, mtwale. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa wenyeji unatuelekeza kwa viongozi wa namna nyingine, ambao mamlaka yao hayakutokana na kuteuliwa na mtawala.

Wa kwanza ni umuteko (wingi: abateko). Huyu alitoka katika ukoo uliohesabiwa kuwa wa kale zaidi katika eneo lake. Kwa hiyo aliongoza matambiko ya ardhi na kusuluhisha magomvi ya mashamba. Waingereza walipoimarisha utawala wa kupitia watemi katika miaka ya 1920, walimtambua mwami na mtwale, wakawapa mahakama na mishahara. Umuteko hakupewa nafasi hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, sheria ya 1963 iliyofuta utemi haikuwa na cheo cha kumvua. Pigo lake lilikuwa uhamishaji wa watu vijijini, ulioanza mkoani Kigoma mwaka 1972, kwani ulimtenga na ardhi aliyoijua.

Wa pili ni umushingantahe, aliyekuja na wakimbizi wa Burundi, hasa baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwaka 1993. Kirundi na Kiha ni lugha jirani mno. Guthrie aliziweka katika kundi moja, D60. Jina hili limeundwa kutokana na gushinga intahe, yaani kusimika fimbo ya haki. Tulilinganishe na neno letu msuluhishi, lenye asili ya Kiarabu. Kiswahili kinataja matokeo, yaani suluhu. Kirundi kinataja kipimo, yaani haki.

Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu ukatili dhidi ya wanawake katika kambi za wakimbizi nchini Tanzania, zikiwamo za Kibondo na Kasulu. Ilionekana humo kwamba wazee hao, walipoletewa kesi za wake waliopigwa, walielekea zaidi kuwapatanisha na waume zao kuliko kuwalinda. Suluhu ilipatikana; fimbo haikusimikwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 iliunda baraza la wajumbe saba, watatu wao wakiwa wanawake, ili lipatanishe wenye migogoro ya ardhi. Hivyo kazi ya umuteko imerudi kwa mlango wa sheria, na wanawake wamepewa kiti ambacho mila haikuwapa. Lakini kiti peke yake hakitoshi. Baraza likitafuta amani tu, mnyonge ndiye atakayeigharimia; na hilo lugha ya milima hii ilikwisha kulibainisha katika jina la msuluhishi wake.