Perege wa Unguja na Ngazi Isiyokuwepo: Utafiti wa Baada ya Uzamivu katika Jenomu za Samaki

Mwaka 1960 mtaalamu wa Kiingereza, C. F. Hickling, alichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanyika Malacca, katika Malaysia ya leo. Perege dume waliotoka Unguja walipandishwa kwa perege jike wa Msumbiji, na watoto wakatoka madume watupu. Kwa mfugaji hiyo ni neema, maana bwawa lisilo na majike halijai vifaranga. Kwa mwanasayansi kilikuwa kitendawili, na ufumbuzi wake ni kwamba spishi hizo mbili haziamui jinsia kwa njia moja: kwa moja kromosomu za dume ndizo zenye kauli, kwa nyingine za jike. Mwaka 1966 Ethelwynn Trewavas, akiwa London, alimpa samaki huyo wa Unguja jina la kitaalamu, hornorum. Asili yake ni Mto Wami, Bara. Alitoka Wami, akapita Unguja, akafika Malacca, na swali kubwa juu yake likaulizwa kule alikofikia.

Kusema kwamba mambo yamebaki vilevile, maswali ya samaki wetu yakiulizwa na wageni peke yao, si haki. Utafiti wa 2011 ulioonyesha kuwa samaki aina ya silikanti wa pwani ya Tanga ni jamii iliyojitenga kijenetiki na wenzao ulikuwa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) miongoni mwa waandishi wake. Ndivyo ilivyokuwa pia 2015, zilipochapishwa habari za Ziwa Masoko, Rungwe, ziwa dogo la kreta ambamo samaki wa spishi moja wanagawanyika kuwa wawili, wa manjano ukingoni na wa buluu kilindini. Majina yetu yamo. Hoja yangu ni nyingine: kati ya shahada ya uzamivu na uongozi wa utafiti pana kidato ambacho vyuo vyetu havikukijenga kabisa.

Kwetu mtu huajiriwa mhadhiri msaidizi, huenda kusoma, na akirudi na uzamivu huwa mhadhiri. Siku hiyohiyo hukabidhiwa madarasa, kamati na marundo ya mitihani. Data za jenomu, ambazo huchukua miaka kuchambuliwa, hubaki ndani ya diski. Kwingineko nafasi ya utafiti baada ya uzamivu imebuniwa kwa mtu asiye na ajira ya kudumu. Wetu anayo, na kuiacha kwa mkataba wa miaka miwili ni kamari ambayo mwenye watoto hawezi kulaumiwa kwa kuikataa.

Hata anayethubutu hukuta mlango unafunguka upande mmoja. Chukua ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya. Raia wa Ulaya anaweza kuutumia kuja kufanya utafiti Unguja kwa muda wa hadi miaka miwili, kisha akarudi kwao kwa mwaka mmoja. Mzanzibari asiye mkaazi wa Ulaya hana haki ya fungu hilo. Lake ni lile la kuhamia huko. Aliyetunga kanuni hiyo hakuwa na nia mbaya, alikuwa akilinda fedha za walipa kodi wake. Ila matokeo yake ni kwamba swali husafiri na mwenye fedha, na mwenyeji hupewa kazi ya kukata mapezi na kuyatia katika spiriti.

Jibu la kawaida ni kwamba hatuna mashine. Nalitilia shaka. Usomaji wa DNA siku hizi hununuliwa kama huduma, na zipo mashine zinazoenea kiganjani. Tena data nyingi zimekwisha kuwekwa wazi: tangu 2014 jenomu ya furu wa Mwanza aliyepewa jina la Nyerere, Pundamilia nyererei, inapatikana kwa kila mtu. Kijana mwenye uzamivu aliyekaa Mpendae, mjini Unguja, anaweza kuishusha usiku huu, umeme ukiruhusu. Anachokosa ni muda unaolipwa. Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyopo Unguja tangu 1978, ingeweza kuanza na nafasi mbili tu: mhadhiri anabaki na ajira yake, anaondolewa darasani kwa miaka miwili, na swali la utafiti linakuwa lake.

Na maswali hayako mbali. Dagaa wanaouzwa kwa mafungu mitaani Mpendae huvuliwa kwa taa usiku wa giza, huchemshwa, huanikwa, na wanunuzi wake wako hadi Kongo. Je, wavuvi wa Unguja, Pemba na Bagamoyo wanavua jamii moja ya dagaa, au tatu? Jenomu zinaweza kutoa jawabu, na jawabu lina uzito wa kisheria, kwa kuwa Zanzibar na Bara kila upande una sheria yake ya uvuvi: samaki wakiwa wa jamii moja, kufunga uvuvi upande mmoja hakutoshi. Sampuli zake hazihitaji meli ya utafiti. Ziko chanjani kila asubuhi baada ya usiku wa giza.