Bendi za gwaride za vyuo vikuu vya Marekani

Bendi ya gwaride ya chuo kikuu ni kundi la wanafunzi wanaopiga ala za muziki huku wakitembea kwa hatua zilizopangwa. Hufanya hivyo hasa uwanjani wakati wa mechi za futiboli ya Marekani, na barabarani wakati wa sherehe. Nchini Marekani karibu kila chuo kikuu kikubwa chenye timu ya futiboli kina bendi ya namna hiyo. Idadi ya wanabendi huanzia makumi kadhaa na huweza kupita 300.

Wengi wa wanabendi hawasomei muziki. Wako wanaosomea uhandisi, uuguzi, ualimu au biashara, ambao walijifunza ala katika shule ya sekondari na hawataki kuiacha. Wengine hujiunga pia kwa sababu bendi huweza kuwachangia gharama za masomo. Mchango huo hutofautiana sana: katika vyuo vingi ni fedha kidogo tu, na katika vichache, hasa baadhi ya vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, unaweza kulipia sehemu kubwa ya ada au hata ada yote.

Historia

Asili ya bendi hizi ni bendi za jeshi. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 ilizipa majimbo ardhi ya kuanzishia vyuo vya kilimo na ufundi, na ilitaka vyuo hivyo vifundishe pia mbinu za kijeshi. Wanafunzi waliofanya gwaride walihitaji muziki wa kutembelea, na hivyo bendi zikaundwa. Hata hivyo bendi ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana, ni ya zamani zaidi ya sheria hiyo, kwani chuo hicho huhesabu historia yake tangu miaka ya 1840.

Mwaka 1907 bendi ya Chuo Kikuu cha Purdue, pia katika Indiana, iliacha mistari ya kijeshi na kujipanga uwanjani katika umbo la herufi P. Tendo hilo hutajwa kuwa mwanzo wa maonyesho ya maumbo uwanjani. Mwaka 1936 bendi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio ilianza kuandika jina la jimbo hilo kwa mwandiko wa kuunganisha, wanabendi wakifuatana kama uzi mmoja. Kuweka nukta juu ya herufi "i" ni heshima ya mpiga susafoni, na desturi hiyo inaendelea hadi leo. Susafoni yenyewe, ala kubwa ya shaba inayozungushwa mwilini na kutulia begani, ina jina la John Philip Sousa, aliyeongoza bendi ya wanamaji wa Marekani kuanzia 1880 hadi 1892.

Kwa muda mrefu bendi nyingi zilikuwa za wanaume tu. Hali ilibadilika baada ya sheria ya mwaka 1972 kukataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Bendi ya Ohio ilipokea wanawake wa kwanza mwaka 1973.

Katika pwani ya Afrika Mashariki bendi za shaba za kijeshi zilizaa kitu tofauti: ngoma ya beni, iliyoenea mwanzoni mwa karne ya 20 na kuiga sare, vyeo na gwaride la askari. Neno "beni" lina asili moja na neno "bendi".

Vyuo vya Wamarekani Weusi

Vyuo vya kihistoria vya Wamarekani Weusi, vinavyojulikana kwa kifupi kama HBCU, ni vile vilivyoanzishwa kabla ya mwaka 1964 kwa lengo la kuwaelimisha Wamarekani Weusi, ambao walizuiwa kuingia katika vyuo vingine vingi. Vipo takriban 100, vingi vikiwa katika majimbo ya kusini.

Mwaka 1946 William P. Foster alichukua uongozi wa bendi ya chuo cha Tallahassee ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Florida A&M, akaiongoza hadi 1998. Bendi hiyo, iitwayo Marching 100, ilichanganya gwaride na dansi pamoja na nyimbo zinazopendwa redioni, na mtindo huo ukaigwa na wengi. Tarehe 14 Julai 1989 ilishiriki katika gwaride la Paris la kuadhimisha miaka 200 ya Mapinduzi ya Ufaransa. Bendi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Grambling, Louisiana, ilipiga katika fainali ya kwanza ya Super Bowl mwaka 1967. Mwaka 2023 bendi ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Tennessee ilipata tuzo ya Grammy kwa albamu yake ya muziki wa injili, ikawa bendi ya kwanza ya gwaride ya chuo kikuu kupata tuzo hiyo.

Katika vyuo hivi bendi si kiburudisho cha pembeni. Watazamaji wengi huenda uwanjani kwa ajili ya mapumziko kuliko kwa ajili ya mechi, na bendi ndiyo inayokitangaza chuo kwa vijana wa sekondari. Kwa sababu hiyo wakurugenzi wa bendi husafiri kutafuta wapigaji hodari kama makocha wanavyotafuta wachezaji, na huwaahidi ufadhili.

Mitindo

Kuna mitindo mikuu mitatu:

- Mtindo wa maumbo: wanabendi hutembea kwa hatua laini na kubadilisha maumbo uwanjani. Kipimo cha kawaida ni hatua nane kwa yadi tano, yaani takriban sentimita 57 kwa kila hatua.
- Mtindo wa maonyesho: magoti huinuliwa juu, na dansi huchukua nafasi kubwa. Huu ndio mtindo wa vyuo vingi vya Wamarekani Weusi.
- Mtindo wa kutawanyika: wanabendi hukimbia ovyo kutoka umbo moja hadi jingine na kufanya mzaha. Bendi ya Stanford inajulikana kwa mtindo huu.

Kujiunga

Mwanafunzi hujaza fomu ya bendi mbali na maombi ya kuingia chuoni. Kukubaliwa na bendi hakumaanishi kukubaliwa na chuo, wala kukubaliwa na chuo hakumaanishi kuwa na nafasi katika bendi.

Baadhi ya bendi hupokea kila anayeweza kupiga ala yake. Nyingine hufanya majaribio, ana kwa ana au kwa kutuma video. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kupiga skeli, kipande alichokiandaa, na kipande ambacho hajawahi kukiona, ili ijulikane kama anaweza kusoma nota papo hapo. Majaribio ya ngoma huwa magumu zaidi kwa sababu nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Wacheza dansi na warusha bendera hufanyiwa majaribio yao wenyewe.

Waliochaguliwa hufika chuoni mwezi Agosti, kabla ya wanafunzi wengine, kwa kambi ya mazoezi ya wiki moja au zaidi. Huko hujifunza hatua na nyimbo kuanzia asubuhi hadi jioni chini ya jua kali. Masomo yanapoanza, mazoezi hufanyika siku kadhaa kwa wiki hadi msimu wa futiboli unapokwisha, Novemba au Desemba. Siku ya mechi huweza kumalizika yote uwanjani, ingawa mapumziko yenyewe ni dakika 20 tu. Katika vyuo vingi bendi huhesabiwa kama somo na hupewa alama katika cheti cha matokeo.

Gharama na ufadhili

Gharama ya mwaka mmoja wa chuo haiishii kwenye ada. Kuna malazi, chakula, vitabu, bima ya afya na nauli. Vyuo vikuu vya serikali za majimbo hutoza wanafunzi kutoka majimbo mengine ada kubwa zaidi kuliko wenyeji. Bendi nayo ina gharama zake: viatu, glavu, nguo za mazoezi na wakati mwingine ada ya uanachama. Sare na ala kubwa kama susafoni kwa kawaida ni mali ya chuo.

Fedha za kulipia masomo hutoka katika mafungu haya:

- Ruzuku, ambazo hazirudishwi. Kubwa kati ya zile za serikali kuu ni Ruzuku ya Pell, inayotolewa kwa wenye kipato kidogo. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Huombwa kwa fomu ya FAFSA.
- Ufadhili wa chuo, ukiwemo wa bendi. Hutegemea kipaji, alama au mahitaji.
- Kazi za chuoni, kama vile kuhudumu maktaba au bwalo la chakula.
- Mikopo, ambayo hurudishwa na riba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi huweza kukopa hadi dola 5,500 za serikali kuu.

Ufadhili wa bendi huchukua sura tatu. Ya kwanza ni posho ndogo kwa kila mwanabendi, ya dola mia chache kwa muhula au mwaka. Ya pili ni ufadhili wa kipaji kwa wapigaji waliochaguliwa, unaoweza kufika dola elfu kadhaa kwa mwaka. Ya tatu ni msamaha wa ada ya ziada inayotozwa wanaotoka majimbo mengine. Huu wa tatu mara nyingine una thamani kuliko posho, ingawa mwanafunzi hapewi fedha mkononi.

Mfano wa hesabu unaonyesha uzito wa kila fungu. Tuseme gharama zote za mwaka ni dola 24,000. Mwanafunzi amepata Ruzuku ya Pell dola 5,000, bendi dola 2,000, kazi ya chuoni dola 2,500 na mkopo dola 5,500. Jumla ni dola 15,000. Zinabaki dola 9,000 ambazo familia inapaswa kuzitafuta kila mwaka. Bendi imelipa sehemu moja tu kati ya kumi na mbili.

Muda nao ni gharama. Mwanabendi anayetumia saa 10 kwa wiki kwa wiki 15 ametoa saa 150. Akipewa posho ya dola 500, ni kama dola 3.33 kwa saa, chini ya nusu ya kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, ambacho ni dola 7.25. Posho hiyo si mshahara, na wengi wangepiga hata bila malipo. Lakini mwanafunzi anayelazimika kufanya kazi ili aishi hana budi kuzihesabu saa hizo.

Masharti ya ufadhili

Ahadi ya mdomo ya mkurugenzi si ufadhili. Ufadhili ni ule ulioandikwa katika barua ya chuo. Mambo yafuatayo hutofautiana kutoka chuo hadi chuo, na huulizwa kabla ya kukubali nafasi:

- Je, ufadhili ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote minne?
- Wastani gani wa alama unatakiwa ili uendelee?
- Unalipia ada pekee, au na malazi na chakula?
- Mwanafunzi akiumia au akiacha bendi katikati ya mwaka, atadaiwa?
- Akipata ufadhili mwingine, chuo kitapunguza ule wa kwanza?

Swali la mwisho huwashangaza wengi. Vyuo hairuhusiwi msaada wa mwanafunzi mwenye fedha za serikali kuu upite gharama zake, na vingine hupunguza ruzuku zao wenyewe mara fedha mpya inapoingia. Aidha, sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula huhesabiwa kuwa kipato kinachoweza kutozwa kodi.

Wanafunzi kutoka nchi za nje

Mwanafunzi kutoka Tanzania, Kenya au nchi nyingine anayekwenda Marekani kwa viza ya masomo ya F-1 kwa kawaida hapati Ruzuku ya Pell wala mikopo ya serikali kuu. Ufadhili wa chuo chenyewe, pamoja na wa bendi, unaweza kuwa wazi kwake, kulingana na kanuni za chuo. Kabla ya kupewa fomu ya I-20, ambayo ni ya lazima katika kuomba viza, huonyesha kuwa ana fedha za kutosha mwaka wa kwanza. Posho ya bendi ya dola elfu mbili haizibi pengo hilo. Wakati wa masomo huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki.

Mateso kwa wanabendi wapya

Katika baadhi ya bendi wakongwe wamekuwa wakiwapiga au kuwadhalilisha wanachama wapya kwa jina la mila. Novemba 2011 kiongozi mmoja wa gwaride wa Marching 100 alifariki huko Orlando baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi. Bendi ilisimamishwa, rais wa chuo akajiuzulu mwaka 2012, na washiriki kadhaa wakashtakiwa mahakamani. Bendi ilirudi uwanjani mwaka 2013 ikiwa na masharti mapya ya uanachama.

Mwanafunzi ambaye ada yake inategemea bendi huweza kuona ugumu wa kukataa au kutoa taarifa, akihofia kupoteza nafasi na fedha kwa pamoja. Ndiyo sababu vyuo vingi sasa huwataka wanabendi kutia sahihi ahadi ya kutoshiriki mateso, na huweka njia ya kutoa taarifa isiyopitia kwa viongozi wa bendi.

Katika filamu na muziki

Filamu ya Drumline ya mwaka 2002 inahusu kijana wa New York anayepata ufadhili kamili wa kupiga ngoma katika chuo cha kubuni huko Atlanta, ilhali hajui kusoma nota. Mwaka 1979 bendi ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California ilishiriki katika wimbo "Tusk" wa kundi la Fleetwood Mac. Mwaka 2018 Beyoncé alijenga onyesho lake la Coachella juu ya mtindo wa bendi za vyuo vya Wamarekani Weusi.

Tazama pia

- Beni
- Futiboli ya Marekani
- John Philip Sousa
- Elimu nchini Marekani