Umbali wa kusimama: Kwa nini breki nzuri pekee hazitoshi

Hakuna gari linaloweza kusimama papo hapo, hata kama breki zake ni mpya. Tangu dereva aone hatari hadi gari litulie, hupitwa umbali wa aina mbili: ule wa kuitambua hatari na kukanyaga breki, na ule wa breki zenyewe kufanya kazi.

Dereva aliye makini huhitaji takriban sekunde moja na nusu kabla breki hazijaanza kushika. Katika muda huo, gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa huwa limekwisha kupita mita 33.

Baada ya hapo, kinacholisimamisha ni msuguano kati ya tairi na barabara. Nishati inayopaswa kuondolewa huongezeka kwa mraba wa mwendo; mwendo ukiwa maradufu, umbali wa breki huwa mara nne.

Kwa makadirio ya kawaida katika lami kavu, gari la kilomita 50 kwa saa huhitaji jumla ya mita 35 kusimama. La kilomita 80, mita 69. Na la kilomita 100, mita 98.

Iwapo mtoto ataingia barabarani mita 70 mbele, dereva wa kilomita 80 atasimama karibu kabisa naye bila kumgusa. Dereva wa kilomita 100, hata akikanyaga breki wakati uleule, atamfikia akiwa bado katika mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa.

Mvua inaponyesha msuguano hupungua, na umbali wa breki huweza kukaribia maradufu, hasa kwa tairi zilizo vipara.

Kukwepa kwa usukani nako kuna mipaka. Tairi hutumia msuguano uleule kwa kupunguza mwendo na kwa kukata kona. Gurudumu lililojifunga huteleza bila kufuata usukani. Mabasi na malori, kwa kuwa ni marefu kwenda juu, huweza kupinduka.

Kinga ya uhakika ni nafasi. Gari la mbele likipita nguzo, la nyuma lisiifikie kabla ya sekunde mbili kwisha. Wakati wa mvua, sekunde nne. Nchini Tanzania, sheria huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, ambako watembea kwa miguu ni wengi.