Benki Haiuzi Shamba Lako kwa Bei Itakayo

Tukisikia Kitale au Bungoma, wengi wetu Pwani hufikiria mahindi tu. Lakini nyuma ya magunia yale mara nyingi kuna hati ya shamba iliyokaa benki. Mkulima wa Trans Nzoia hukopa akanunua mbegu na mbolea. Mwenzake wa Bungoma hungoja malipo ya miwa yanayochelewa. Msimu ukiharibika, riba yapanda na dalali aja. Nayaeleza haya hapa kwa sababu nyumba za Likoni na mashamba ya Kilifi huwekwa rehani vivyo hivyo.

Nimewasikia watu wakisema kwamba ukishindwa kulipa, benki yaweza kuuza mali yako kwa bei yoyote. Sivyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 97, inaitwika benki inayouza jukumu la uangalifu: lazima itafute bei bora kabisa inayoweza kupatikana wakati wa kuuza. Jukumu hilo halimhusu mkopaji peke yake, bali na mdhamini wake pia. Na benki haiwezi kujivua jukumu hilo kwa maneno ya mkataba, hata kama ulitia sahihi.

Kabla ya kuuza, benki lazima mali ithaminiwe na mthamini. Tuseme shamba lina thamani ya shilingi milioni 4 sokoni, kisha likauzwa milioni 3 au chini ya hapo. Pengo hilo ni asilimia 25 au zaidi, na sheria inachukulia kwamba benki imekiuka jukumu lake, mpaka yenyewe ithibitishe vingine. Pengo likiwa dogo kuliko hilo, bado haimaanishi kwamba benki imetimiza wajibu.

Kuna na ngazi za ilani. Kwanza ni ilani ya kukosa kulipa, inayokupa miezi mitatu isiyopungua ya kurekebisha deni. Ukishindwa, hufuata ilani ya kuuza, ya siku 40 zisizopungua. Kisha dalali naye hutoa ilani yake ya siku 45. Mke au mume aliyeridhia nyumba ya familia iwekwe rehani naye lazima apewe ilani ya kuuza. Ngazi moja ikirukwa, una hoja ya kupeleka kortini.

Tena tangu mwaka 2007 Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, imeiwekea riba mpaka. Mkopo ukishakuwa mbovu, riba inayoendelea haiwezi kuzidi deni la msingi lililokuwapo siku ile. Kwa hivyo omba taarifa kamili ya hesabu yako, na uipitie mstari kwa mstari.

Lakini tusidanganyane. Sheria haifuti deni. Korti zetu zimesema mara nyingi kwamba kubishania hesabu peke yake hakuzuii mnada, na kuleta thamani nyingine ya mfukoni mwako hakutoshi. Lazima uonyeshe kasoro katika ile ya benki. Anayekimbilia korti bila kulipa hata kidogo hurudi mikono mitupu.

Jambo kubwa zaidi ni wakati. Nyundo ya dalali ikishagonga, haki ya kulikomboa shamba kwa kulipa deni imekwisha, na aliyenunua kwa nia njema hulindwa na sheria. Kwa kawaida linalobaki ni kudai fidia, na fidia haioti mahindi. Basi ukipata ilani ya kwanza, usiifiche chini ya godoro. Nenda benki uombe kupangiwa malipo upya, na uombe kwa maandishi. Ukiona sheria imekiukwa, Mahakama Kuu iko Kitale, iko Bungoma, na huku kwetu iko Mombasa na Malindi. Fika huko kabla ya siku ya mnada, na bahasha ya kila ilani mkononi, kwa maana tarehe ya kuipokea ndiyo itakayoulizwa mwanzo.