Bima Isiyofungwa kwenye Kazi: Historia Fupi kutoka Unguja hadi Dubai

Ramadhani iliyopita tulifuturu nyumbani kwa mwenzetu mmoja Al Warqa, mtaa wa nyumba za familia ulio jirani na Mirdif. Chai haijapoa, simu ya mama mwenye nyumba ikalia. Ulikuwa ujumbe katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo: mjomba amelazwa Mombasa, anahitaji upasuaji, kila mtu achangie alichojaaliwa. Mama akatuma dirhamu mia mbili bila kuuliza swali. Sisi tukatazamana, maana kila mmoja wetu ana kikundi kama hicho katika simu yake.

Mwenzetu wa pili akasema, "Sisi hapa tuna kadi za bima. Kwa nini wao hawana?" Wa tatu akajibu kwamba kadi yake yeye iliwahi kufa. Mwaka 2020 baba yake alipunguzwa kazini. Viza ilipofutwa, bima ya watu watano ikaondoka nayo, na mdogo wake mwenye pumu akakaa miezi miwili akinunuliwa dawa kwa fedha taslimu, kopo moja moja.

Makala hii imetokana na usiku ule. Tunataka kueleza, kwa njia ya historia, kwa nini tunaamini kila nchi inahitaji bima ya afya ya umma. Kwa jina hilo tunakusudia mfuko wa serikali ambao mtu yeyote anaweza kujiunga nao, awe na mwajiri au asiwe naye, na ambao unakaa sambamba na bima za kampuni. Hatusemi kampuni zifungwe. Tunasema uwepo mlango mmoja ambao haufungwi mtu anapopoteza kazi.

Hisani, kisha bure

Aliyewahi kupita mbele ya bandari ya Unguja analijua jengo la ghorofa lenye roshani za mbao zilizochongwa, linaloitwa mpaka leo Old Dispensary. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili, aliyetaka iwe hospitali. Alifariki mwaka 1891, na jengo likamalizika mwaka 1894. Lilipouzwa baadaye, mnunuzi wake alifungua zahanati ya hisani katika ghorofa ya chini. Tunaanza na jengo hili kwa sababu linaonyesha utaratibu wa kwanza wa kulipia matibabu ya maskini mjini: mwenye nacho akipenda, asiye nacho anatibiwa. Kikundi cha WhatsApp cha mama ni mtoto wa utaratibu huo. Una utu ndani yake, lakini unategemea nani ameuona ujumbe na ana nini mfukoni siku hiyo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu kuwa bure. Kenya iliondoa ada ya shilingi tano kwa wagonjwa wa nje mwaka 1965. Tanzania Bara, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilijenga zahanati nyingi vijijini, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za binafsi za kutafuta faida. Za mashirika ya dini ziliendelea. Bibi zetu wanaikumbuka miaka hiyo kwa fahari, na wana haki. Mtoto wa mvuvi alitibiwa sawa na mtoto wa karani.

Tatizo ni kwamba "bure" ilitegemea bajeti ya kila mwaka, na hapakuwa na fungu lililotengwa kwa ajili ya mgonjwa. Uchumi ulipoanguka katika miaka ya 1980, daktari alibaki, kitanda kikabaki, dawa ikakosekana. Wafadhili wakashauri wagonjwa wachangie gharama. Kenya ilianza kutoza mwishoni mwa 1989, ikasimamisha baadhi ya ada mwaka uliofuata kwa sababu wagonjwa waliacha kuja, kisha ikazirudisha kuanzia 1992. Tanzania ilianza uchangiaji mwaka 1993, miaka miwili baada ya kuruhusu tena hospitali za binafsi. Kuanzia hapo, mtu alilipa wakati ule ule anaougua, yaani wakati ambao hana nguvu ya kutafuta fedha.

Mfuko wa wenye mshahara

Bima ilikuja kama jibu, lakini ilikuja kwa mlango wa mwajiri. Kenya ilikuwa imeanzisha mfuko wake, NHIF, mapema sana, mwaka 1966, kwa wafanyakazi wa mshahara wa shilingi 1,000 na zaidi kwa mwezi. Mwaka 1972 waliojiajiri waliruhusiwa kujiunga kwa hiari. Tanzania ilipitisha sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mwaka 1999, na kazi ikaanza mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali: asilimia sita ya mshahara, nusu kutoka kwa mtumishi na nusu kutoka kwa mwajiri.

Kukata mshahara ni njia rahisi ya kukusanya michango. Lakini mama ntilie hana mshahara wa kukatwa. Nahodha wa jahazi, mkulima wa mwani wa Paje, kijana wa bodaboda, wote hawana. Katika nchi ambazo wengi wanaishi kwa kazi za namna hiyo, mfuko wa wenye mshahara ni mwavuli unaofunika ncha ya meza tu.

Kwa hao wengine Tanzania ilijaribu njia ya pili. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulianza wilayani Igunga, mkoa wa Tabora. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kilekile kwa mpango ulioitwa "tele kwa tele". Tunalipenda jina hilo. Lakini kujiunga kulikuwa kwa hiari, na hiari ina ugonjwa wake: mzima husema "nitajiunga mwakani", mgonjwa hujiunga leo. Mfuko uliojaa wagonjwa watupu haudumu. Mfano wa karibu ni Toto Afya Kadi, iliyomwezesha mzazi kumkatia mtoto bima ya NHIF kwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Wazazi wengi walikata kadi baada ya mtoto kuugua. Mwaka 2023 mfuko ukasimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza watoto wasajiliwe kupitia shule, na wazazi waliokuwa wakiitegemea wakalalamika. Hatuwalaumu wazazi hao. Mtu mwenye fedha kidogo hulipia kilicho mbele yake.

Kadi zetu za Dubai

Wasomaji wengine watasema sisi wa Dubai hayatuhusu. Tuangalie basi kadi zetu. Sheria ya Bima ya Afya ya Dubai ni namba 11 ya mwaka 2013. Utekelezaji ulianza na kampuni kubwa mwaka 2014, ukamalizika kwa ndogo na wategemezi mwaka 2017. Mwajiri lazima amlipie mfanyakazi na haruhusiwi kumkata fedha hizo. Mdhamini wa familia anawalipia mke, watoto na wazazi anaowadhamini. Upo mpango wa msingi kwa wenye mishahara midogo, wenye kikomo cha dirhamu 150,000 kwa mwaka. Ni maendeleo makubwa: kabla ya hapo, wafanyakazi wengi wa ujenzi na wa majumbani hawakuwa na bima yoyote.

Abu Dhabi ilitangulia kwa sheria ya mwaka 2005, na humo tunaona kitu kinachokaribia hoja yetu. Kampuni ya Daman, ambayo serikali ilikuwa mwenye hisa nyingi, ndiyo iliyopewa kazi ya kutoa mpango wa msingi kwa wenye kipato kidogo, wakati kampuni binafsi zinaendelea na biashara yao. Kwa hiyo mfuko wa umma na kampuni zinaweza kukaa chumba kimoja bila kugombana.

Ila kote kuwili, kwa mgeni kama baba wa mwenzetu, bima imefungwa kwenye viza, na viza imefungwa kwenye kazi. Kamba ni moja. Ikikatika, vyote vinaanguka siku moja, na mara nyingi ni siku ambayo mtu hana mshahara wa kununua bima nyingine.

Je, inawezekana?

Wapo watakaosema fedha za umma huliwa. Hawakosei. Mwaka 2012 Bunge la Kenya lilichunguza kashfa ya NHIF kuhusu malipo kwa kliniki zilizotiliwa shaka. Lakini kashfa hiyo ilijulikana kwa sababu mfuko ni wa umma na wabunge wana haki ya kuuliza. Dawa ya wizi ni ukaguzi na adhabu. Kuwaacha watu bila bima hakumzuii mwizi.

Wengine watasema maskini hawawezi kuchangia. Rwanda ilianza majaribio ya mifuko ya jamii mwaka 1999, na baadaye sheria ikafanya kuwa na bima ni lazima. Familia hulipa kulingana na uwezo, na serikali, pamoja na wafadhili, huwalipia walio maskini kabisa. Zaidi ya watu wanane kati ya kumi waliingia. Tofauti na Igunga ni kwamba wazima na wagonjwa wako katika kapu moja.

Nchi zetu sasa zinaelekea huko. Mwaka 2023 Tanzania Bara ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwaka huohuo Zanzibar ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya, ikaanza na watumishi wa umma. Kenya ilibadilisha NHIF kuwa SHIF, inayokata asilimia 2.75 ya kipato tangu Oktoba 2024; asiye na mshahara hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, lakini mwanzoni alitakiwa atoe ya mwaka mzima kwa pamoja. Hapo ndipo muuza samaki alipokwama. Anauza kila siku, basi na alipe kidogo kidogo kama anavyouza.

Historia hii inatufundisha masharti manne. Mfuko uwe na fungu lake, usitegemee bajeti iliyobaki. Usifungwe kwenye kazi ya mtu. Wote waingie, wazima kwa wagonjwa. Na asiyeweza alipiwe na serikali kabla hajaugua, asingoje barua ya msamaha akiwa dirishani hospitalini.

Tunajua kwamba sisi ni wanafunzi na hatutungi sheria za nchi yoyote. Lakini baadhi yetu tutarudi kufanya kazi Dar es Salaam, Mombasa na Unguja, na wengine tutabaki hapa tukiwadhamini wazazi wetu. Kote huko suala hili litatufikia. Mjomba alifanyiwa upasuaji siku tisa baada ya ujumbe ule, michango ilipotimia, na anaendelea vizuri, alhamdulillahi. Daktari alikuwepo tangu siku ya kwanza. Siku nyingine nane alingoja fedha zetu.