Kibodi Isiyo na Kelele: Kutoka Taipureta ya Bungoma hadi Meza Yangu ya Kitale

Hebu nikuulize, msomaji: ukichapa kwenye kompyuta usiku, mtu aliyelala chumba cha pili anakusikia? Mimi nilikuwa nasikika. Nyumba yetu hapa Kitale ni ya kupanga, vyumba viwili na ukuta mwembamba katikati, na kazi yangu ya kuandika programu huifanya zaidi usiku wakati simu hazilii. Mtoto alipozaliwa, kila kazi ilipokolea yeye aliamka. Mwisho mama yake akaniambia, "Baba watoto, chagua. Hiyo kibodi au usingizi wetu."

Halafu kulikuwa na jambo la pili ambalo sikumwambia mtu. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeanza kuuma. Kwa mtu anayekula kwa vidole vyake, hilo si jambo la kuchekesha.

Basi nikaanza kutafuta kibodi laini na tulivu. Lakini unanijua, siwezi kununua kitu kabla sijajua kilikotoka. Kwa nini kibodi zinapiga kelele hata kidogo? Umeme hauna haja ya kelele. Nusu ya jibu niliipata vitabuni, na nusu nyingine niliipata Bungoma, kwa shangazi yangu.

Kelele zilitoka wapi

Turudi nyuma kidogo. Christopher Latham Sholes wa Milwaukee, Marekani, alipata hataza ya mashine yake ya kuchapa mwaka 1868 pamoja na wenzake. Kampuni ya Remington, iliyojulikana kwa bunduki, ikaanza kuitengeneza mwaka 1873. Mpangilio wa herufi unaoanza na Q, W, E, R, T, Y ulitokana na mashine hizo, na ndio huo huo ulio mbele yako sasa hivi.

Katika taipureta, kitufe ni mwisho wa wenzo. Unakibonyeza, mkono wa chuma wenye herufi unaruka na kugonga utepe wa wino, nao utepe unagonga karatasi. Kidole ndicho injini. Kinasafiri zaidi ya sentimita moja kwenda chini, na nguvu yote ya kugonga inatoka kwenye mkono wa mchapaji. Kwa hiyo kelele ilikuwa sauti ya kazi yenyewe.

Wapo waliojaribu kuinyamazisha. Katika miaka ya 1920 Remington ilikuwa ikiuza mashine iliyoitwa Noiseless, yaani isiyo na kelele, ambayo mkono wake wa chuma ulipunguzwa kasi kabla ya kufika kwenye karatasi, ukakandamiza badala ya kugonga. Ziliuzwa kwa miaka mingi, lakini mashine za kugonga ndizo zilizotawala maofisini. Ukitaka kujua kwa nini mchapaji alithamini pigo kali, njoo nami Bungoma.

Nakala ya nne

Shangazi yangu alikuwa mpiga taipu Bungoma mjini, karibu na mahakama. Meza moja, kiti kimoja, mashine moja, na benchi la wateja. Alichapa hati za kiapo, barua za kuomba kazi na malalamiko ya kupeleka kwa mkuu wa wilaya. Karatasi haikutoka mbali, maana kiwanda cha Pan Paper cha Webuye kilikuwa kikizalisha karatasi tangu miaka ya 1970, na ukisafiri kati ya Kitale na Bungoma ulikijua kwa harufu kabla hujakiona. (Kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa wamiliki wapya.)

Lakini kazi iliyomlipa zaidi ilikuwa mikataba ya mashamba. Wasomaji wa huku mnajua habari hii. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, walowezi walipoondoka Trans Nzoia, familia nyingi za Bungoma zilipanda kwenda Kitale kununua ardhi, nyingine kwa vikundi na kampuni za kununua mashamba. Mtu aliuza ng'ombe, akachanga na ndugu zake, akanunua ekari chache za mahindi. Na ushahidi wake ulikuwa nini? Karatasi iliyochapwa.

Karatasi hiyo ilihitaji nakala: ya muuzaji, ya mnunuzi, ya wakili, na nyingine ya kuweka. Fotokopi ilikuwa adimu, kwa hiyo zilipangwa karatasi nne na kaboni tatu katikati, zikaviringishwa kwenye mashine kwa pamoja. Pigo moja la kidole lilipaswa kupenya zote. Ukipiga kwa ulegevu, nakala ya kwanza inang'aa na ya nne inakuwa kivuli tu. Na mnunuzi asiye na bahati akipewa ile ya nne, miaka ishirini baadaye watoto wake wako mbele ya hakimu, na namba ya shamba haisomeki.

"Nilipiga kwa nguvu kwa sababu ya nakala ya nne," shangazi aliniambia. "Hiyo ndiyo ilikuwa ya maskini."

Stensili nayo ilikuwa vile vile. Mitihani ya shule ilichapwa kwenye karatasi yenye nta, utepe ukiwa umeondolewa njiani, ili herufi ikate nta na wino wa mashine ya kurudufu upite hapo. Ukipiga polepole, mtoto hasomi swali.

Kwa hiyo vidole vizito havikuwa tabia mbaya. Vilikuwa ufundi na uaminifu.

Kompyuta ikarithi pigo

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi mwaka 1981, tayari ilikuwa mtengenezaji mkubwa wa taipureta za umeme. Makarani ndio waliokuwa wateja, na makarani walitaka kuhisi kitu chini ya vidole. Kibodi zake, hasa ile ya Model M iliyotoka mwaka 1985, ziliwekwa springi chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, springi inajikunja ghafla upande mmoja na kugonga kipande kidogo chini yake: tak! Hakukuwa na karatasi wala kaboni pale ndani, lakini sauti ilibaki.

Miaka ya 1990 bei za kompyuta zikashuka, na springi zikawa ghali mno. Badala yake ukaja mpira: karatasi moja ya mpira yenye vijibakuli vilivyopinduliwa, kimoja chini ya kila kitufe. Ukibonyeza, kijibakuli kinabonyea na kugusanisha tabaka mbili za plastiki zenye nyaya nyembamba. Rahisi kutengeneza, na kelele kidogo. Hizi ndizo tulizozikuta kwenye saiba za Kitale na Bungoma miaka ya 2000, zile za rangi ya maziwa zilizogeuka manjano.

Unakumbuka herufi iliyofutika kwanza kwenye kibodi za saiba? Ilikuwa A! Na hapa ndipo nilipoelewa kidole changu. Katika Kiswahili A ndiyo herufi inayotumika kuliko zote. Tazama hata sentensi hii. Lakini Sholes hakuwa akifikiria Kiswahili, na A ikaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kabisa. Chapa "dawa", "wazee", "baba": mkono wa kushoto peke yake. Chapa "kilimo" au "jioni": mkono wa kulia peke yake. Q na X kwa upande wao zimekaa tu kama wageni waalikwa. Hata alama ya ng' katika "ng'ombe", ambayo kwenye taipureta nyingi ilikuwa juu ya namba 8, sasa imekaa kwa kidole cha mwisho cha kulia.

Kwani kuna kaboni?

Mwaka huo nilimtembelea shangazi nikiwa na kompyuta na kibodi yangu ya wakati huo, yenye swichi za buluu. Swichi za namna hii zilianza na kampuni ya Cherry ya Ujerumani mapema miaka ya 1980. Zilirudi kwa kishindo miaka ya 2010, wakati hataza zilipokwisha na viwanda vya China vikaanza kuziiga kwa bei nafuu. Za buluu zimetengenezwa makusudi zilie. Nilikuwa nikijivunia.

Shangazi alikaa nyuma yangu akinitazama nikichapa. Vidole vyake siku hizi vimepinda kwenye viungo, na kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili. Baada ya muda akauliza, "Mwanangu, mbona unapiga hivyo? Kwani humo ndani kuna kaboni?"

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Mimi nilijifunza kuchapa utotoni kwenye mashine yake! Pigo la nakala ya nne nilikuwa nimelirithi kwake, na nilikuwa nikilitumia kwenye chombo kisichohitaji nguvu hiyo hata kidogo.

Sasa ununue ipi?

Haya, baada ya historia yote hiyo, ushauri wangu ni huu.

Kwanza, jua kelele inatoka wapi. Kwenye swichi za aina ya Cherry, kitufe husafiri kama milimita 4, lakini herufi hushika karibu na milimita 2. Milimita mbili zilizobaki ni za kugonga sakafu, na sehemu kubwa ya kelele iko hapo. Ukijizoeza kubonyeza kwa wepesi, hata kibodi ya kelele inapoa.

Pili, kama unataka utulivu kwa bei ndogo, kibodi nzuri ya mpira inatosha. Usidharau. Ila ichague ukiwa umeijaribu kwa vidole, maana nyingine ni ngumu kama kukanda ugali baridi, na kitufe lazima kifike karibu na chini ndipo herufi itokee.

Tatu, ziko zile za mkasi, kama za laptopu: vipande viwili vya plastiki vinavyokatana chini ya kitufe, safari fupi ya milimita moja hadi mbili. Ni tulivu sana. Lakini ufupi ukizidi nao ni balaa. Apple walijaribu kufupisha zaidi kwa kibodi yao ya kipepeo tangu 2015, vumbi dogo tu likawa linakwamisha vitufe, na kufikia 2020 walikuwa wameiacha. Sisi wa barabara za vumbi tujihadhari.

Nne, ukitaka swichi, tafuta nyekundu au zile zilizoandikwa kuwa za kimya, zenye vipande vya mpira ndani vya kupunguza pigo. Buluu mwachie anayeishi peke yake.

Tano, usiinue miguu ya nyuma ya kibodi. Inakunja kifundo cha mkono kwenda juu. Iache ilale, viwiko viwe sawa na meza. Na chini ya kibodi weka kitambaa kizito au kipande cha zulia, maana meza ya mbao iliyo tupu chini ni ngoma.

Mimi nilichukua ya mkasi, pana, ya waya, na nikakunja leso ya zamani chini yake. Wiki tatu za kwanza nilikuwa nikijikumbusha kila saa: hakuna kaboni. Mtoto sasa analala. Kidole kimepoa, ingawa nikichapa Kiswahili kirefu bado kinanikumbusha herufi A.

Kule Bungoma, taipureta ya shangazi iko chini ya kitanda. Mahakama zetu zilianza kupokea kesi kwa mtandao Nairobi mwaka 2020, na mwaka 2024 mpango huo ukaenea nchi nzima, kwa hiyo hata hati za kiapo sasa hupita bila kaboni. Lakini mwezi uliopita jirani mmoja alikuja kwake na karatasi iliyokunjwa mara nne, mkataba wa shamba la baba yake huko Trans Nzoia. Ilikuwa nakala ya nne. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza dirishani, akamsomea namba ya shamba yote mpaka mwisho.

Je, wewe unachapa kwa kibodi gani, na nani alikufundisha kuipiga?