Padri aliyewachungua popo

Popo twamjua sote. Mchana hulala darini au pangoni, kichwa chini. Jioni hutoka kuwinda wadudu. Lakini katika giza ambamo mtu haoni hata mkono wake, mbona popo hagongi ukuta wala mti? Swali hili liliwasumbua wenye elimu karibu miaka 150.

Aliyelitafutia jibu kwa bidii alikuwa padri Mwitalia, Lazzaro Spallanzani, mwalimu wa chuo kikuu cha Pavia. Mwaka 1793 aliona kwamba mshumaa ukizimika chumbani, bundi hugonga kuta, lakini popo huruka salama. Akawapofusha popo kadhaa. Wakaruka kama kwanza. Wengine akawaachilia kutoka mnara wa kanisa kuu la Pavia. Alipowakamata tena, alikuta matumbo yao yamejaa wadudu sawasawa na ya wenzao wenye macho. Basi, si macho yanayowaongoza.

Habari zikamfikia daktari Louis Jurine mjini Genève. Yeye akawaziba masikio. Mara popo wakagonga kila kitu. Spallanzani alikuwa na mawazo mengine, lakini hakuona haya kujaribu upya. Akawatia vijibomba vya shaba masikioni. Vikiwa wazi, popo waliruka vema; vikizibwa, walipotea. Akakubali kwamba masikio ndiyo yanayowaongoza. Lakini walisikia nini, nao waliruka kimya? Alikufa mwaka 1799 bila kupata jibu.

Wakati ule ule Georges Cuvier, mtaalamu mashuhuri wa Ufaransa, alisema kwamba popo huhisi njia kwa ngozi ya mabawa. Hakufanya jaribio lolote, lakini jina lake lilikuwa kubwa. Watu wengi wakamsadiki, na kazi ya padri ikawekwa kando.

Mwaka 1938, huko Harvard, Marekani, mwanafunzi Donald Griffin aliwapeleka popo mbele ya chombo cha Profesa George Pierce, kinachonasa sauti nyembamba mno. Kumbe, hawakuwa kimya hata kidogo! Sikio la mtu husikia mitetemo kuanzia 20 hadi 20,000 hivi kwa sekunde. Popo wale walilia kwa mitetemo karibu 50,000. Kisha Griffin na mwenzake Robert Galambos wakawafunga vinywa, nao wakagonga vitu sawa na wale waliozibwa masikio. Ikawa wazi: popo hupiga ukelele, mwangwi hurudi, naye hujua palipo ukuta na palipo mdudu. Popo wakubwa wa matunda si hivyo. Wengi wao hutumia macho na pua.

Basi, usiku tunaouita mtulivu umejaa vilio ambavyo masikio yetu hayavifikii. Nasi tunaowafundisha watoto tujifunze kwa Spallanzani. Mtoto akituuliza jambo, tusimnyamazishe kwa ukubwa wa cheo chetu. Tulichungue pamoja naye.